Laptopu ya kuchambulia data kwa R: anza na RAM

Mwanafunzi wa takwimu akiingia dukani, swali la kwanza huwa "Core i5 au i7?" Hilo lisubiri. Kwa mtu wa R, lugha ya programu ya takwimu, RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) ndiyo inayoamua kama kazi itaisha au mashine itaganda.

Piga hesabu. Chukua mvua ya kila siku ya CHIRPS, data ya mvua inayotokana na satelaiti na vituo, kwa eneo la Tanzania, 1991 hadi 2020. Hiyo ni arei (jedwali la namba) ya pande tatu: latitudo kama 220, longitudo kama 220, siku 10,958. Namba ya desimali katika R huchukua baiti 8, kwa hiyo arei nzima inakula takriban GB 4.2. Sasa unataka masika tu, Machi hadi Mei (mvua ni ile arei, mwezi ni namba ya mwezi wa kila siku):

masika <- mvua[, , mwezi %in% 3:5]

Mstari ni mfupi, lakini R inanakili kipande chote mahali papya: GB 1 nyingine. Ukipunguza wastani kutoka kila thamani, nakala tena. Na hapo Windows na Chrome hazijadai fungu lao. Wa NumPy, maktaba ya arei ya Python, nao hawaponi: kipande cha mfululizo hakinakiliwi, ila siku za kuchaguachagua namna hii hunakiliwa.

Ndiyo maana chaguo langu la kwanza ni ThinkPad T480 ya mtumba yenye GB 16. Ni ya 2018, lakini ina nafasi mbili za RAM, na fundi yeyote anaweza kukuongezea. HP EliteBook 840 G5 inaifuata kwa karibu sana, nayo ina nafasi mbili. Ukizikuta zote dukani, chukua yenye betri nzima. Ya tatu ni T480s. Ni nyembamba na inavutia, ila sehemu ya RAM yake imechomelewa kwenye bodi, imebaki nafasi moja tu. Mwisho kabisa naweka MacBook Air M1 ya GB 8. Ina kasi na inakaa na chaji, lakini RAM uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo.

Kabla ya kulipa, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, kisha Memory, usome "Slots used". Ikiandika 1 of 2, umebakiwa na nafasi ya kuongeza. Usikubali maneno ya muuzaji peke yake.

Fedha ikitosha GB 8 tu, nunua T480 yenye kijiti kimoja, cha pili utaongeza baadaye. Kwa sasa, chota kipande moja kwa moja kwenye faili la NetCDF, muundo wa kuhifadhia arei kama hii, usipakie lote (ncvar_get ni ya kifurushi cha ncdf4, f ni faili ulilofungua):

ncvar_get(f, "precip", start = c(1,1,60), count = c(-1,-1,92))

Kwa faili lililokatwa kwa eneo letu, la mwaka mmoja usio mrefu, hiyo ni Machi 1 hadi Mei 31. Kwa eneo letu hazifiki hata MB 40.