Uzoefu wangu: intasepta za maombi kwenye JacORB

Kama kazini kwako bado kuna mfumo wa CORBA (kiwango cha kuwezesha programu kwenye mashine tofauti kuitana), anza na intasepta za maombi, yaani vipande vya msimbo vinavyoitwa kila ombi linapopita, kabla ya kingine chochote. Mimi nazitumia kwenye JacORB, ORB (programu inayopeleka maombi kati ya mteja na seva) huria ya Java iliyozaliwa Freie Universität Berlin, na nimezipenda kweli. Nilitaka kila ombi libebe namba yake ya ufuatiliaji kutoka kwa mteja hadi seva ya mwisho, bila kugusa IDL (maelezo ya violesura vya huduma) wala huduma ambazo wenzangu waliziandika zamani.

Kuzisajili ni kazi ndogo. Unaandika klasi ya ORBInitializer, ambayo huitwa ORB inapoanza, ndani yake unaita add_client_request_interceptor na add_server_request_interceptor, kisha unaitaja klasi hiyo kwenye propati inayoanza na org.omg.PortableInterceptor.ORBInitializerClass. Basi. Upande wa mteja, send_request inaambatisha namba kama ServiceContext, yaani data ya ziada inayosafiri na ombi. Seva inaisoma kwenye receive_request_service_contexts.

Hapo kwenye kusoma ndipo pa kuwa makini. Mteja wa zamani asiyetuma namba atafanya get_request_service_context irushe kosa la BAD_PARAM, na usipoidaka, ombi lake zima linafeli. Usiiweke namba kwenye ThreadLocal (hifadhi ya thredi moja tu) katika hatua hiyo pia: OMG, shirika linalosimamia kiwango cha CORBA, haihakikishi kwamba thredi hiyo ndiyo itakayotekeleza operesheni. Omba sloti (nafasi ya kuhifadhi data ya ombi) mapema kwa allocate_slot_id, weka namba humo kwa set_slot, halafu msimbo wa huduma utaisoma kupitia PICurrent, kitu kinachofikia sloti hizo. Siku nilipofungua logi za seva zote nikakuta namba ileile imepita kote, nilifurahi sana.

Kupima muda nako ni raha. Intasepta iliyoanza vizuri lazima iitwe tena mwishoni, ama kwa send_reply, send_exception au send_other, kwa hiyo saa uliyoiwasha haibaki ikizunguka.

Ila usitarajie kubadilisha vigezo vya ombi, hairuhusiwi. Hata kuvisoma tu, kwa stabu za kawaida za Java (msimbo wa mteja unaozalishwa kutoka IDL), unarudishiwa kosa la NO_RESOURCES. Anayetaka kusimba data kwa njia hii atafute njia nyingine.

Na kwa walio kwenye JDK (zana za kuandikia Java) toleo la 11 la mwaka 2018 au mpya zaidi: vifurushi vya CORBA viliondolewa humo, hivyo weka jar ya jacorb-omgapi kwenye classpath kabla hujaanza kuhangaika na makosa ya kukompaili.