Laptopu ya mtumba na leseni ya Windows: nimeifungua tuone kilichomo

Mnaona hapa chini, kona ya kulia? Ngoja nisogeze kamera. Haya maandishi ya kijivu, hafifu, kama yameandikwa kwa maji: Activate Windows. Hayaondoki. Fungua picha ya harusi, yapo. Weka sinema, yapo. Mwenye laptopu ni mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha sita, na amekaa na maandishi hayo hivi miezi miwili akidhani ni pambo la Windows mpya.

Karibuni. Bidhaa iliyo mezani leo si laptopu yenyewe. Laptopu ni ya mtumba, prosesa yake i5 ya kizazi cha nane, imetoka kiwandani 2018, na kwa kazi za shule inatosha na kubaki. Tunachochambua ni kile ambacho dukani hakuna anayekiangalia, yaani leseni iliyomo ndani, kibali cha Microsoft cha kutumia Windows. Mtu akienda kununua anakagua kioo, anauliza RAM ngapi, anabonyeza vitufe viwili vitatu, analipa. Habari ya leseni haimpitii kichwani.

Kijana aliniletea akisema, "Mjomba, Windows imekataa leseni, ndiyo maana apdeti hazishuki." Hapo hapo nikamsimamisha. Hayo ni magonjwa mawili, yeye kayapa jina moja. Windows ambayo haijathibitishwa itakunyima kubadilisha picha ya nyuma na rangi, itakuandikia hayo maandishi ya kona, lakini apdeti za usalama inazishusha kama kawaida. Zikigoma, sababu iko kwingine.

Tuanze na leseni. Settings, System, Activation. Kosa lililopo ni 0xC004F074, na chini yake kuna maelezo kwamba kompyuta imeshindwa kuifikia seva, yaani kompyuta kuu, ya shirika lako. Shirika! Shirika la huyu kijana ni mama yake.

Sasa angalieni hapa, maana ndipo penye utamu. Nafungua dirisha la amri, Command Prompt, naandika slmgr /dli, nabonyeza Enter. Subiri kidogo, huwa inachukua sekunde kadhaa. Kimetokea kidirisha. Mstari wa kwanza unasema Windows Professional. Wa pili, someni pamoja nami mwishoni: VOLUME_KMSCLIENT. Ukiona neno hilo kwenye laptopu ya nyumbani, kuna uwezekano mkubwa Windows yako imechakachuliwa.

KMS si wizi, ni utaratibu halali wa maofisi. Badala ya kila kompyuta kwenda kujithibitisha Microsoft, ofisi inaweka seva yake moja, na hiyo haianzi kutoa uthibitisho wa Windows mpaka kompyuta zifike 25. Kila uthibitisho unadumu siku 180, na kompyuta inajaribu kuuhuisha kila baada ya siku saba. Anachofanya fundi wa kuchakachua ni kuipandikizia laptopu programu inayojifanya seva ya ofisi. Laptopu inapiga hodi, na ndani ya laptopu ileile kuna anayeitikia "karibu".

Mchezo huo unaenda vizuri mpaka siku kinga ya Windows inapomkamata yule mwitikiaji. Nendeni Windows Security, kwenye historia ya ulinzi. Hii hapa: HackTool:Win32/AutoKMS, imeondolewa. Tangu hapo laptopu ikipiga hodi hakuna wa kuitikia, siku 180 zikaisha, maandishi yakatokea. Ndiyo maana laptopu nyingi za namna hii zinaanza kusumbua miezi sita hivi baada ya kununuliwa, wakati muuzaji ameshaisahau hata sura yako.

Tuje kwenye apdeti. Nikibonyeza kutafuta masasisho inanipa 0x80070422. Maana yake huduma yenyewe ya Windows Update imefungwa. Naandika services.msc, nashuka mpaka Windows Update, na kweli, imewekwa Disabled. Haikujifunga yenyewe. Wachakachuaji huifunga ili kazi yao isije ikafutwa na masasisho. Naiweka Manual, naiwasha, najaribu tena. Imekuja namba mpya, 0x80072F8F. Kijana kakunja uso, mimi nimefurahi: namba ikibadilika, umesogea.

Hii ya pili haina siri. Tazameni saa: 1 Januari 2018. Kompyuta inapoongea na seva za Microsoft inaonyeshwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa hesabu ya laptopu hii, cheti hicho hakijaanza kutumika, kwa hiyo inakataa mazungumzo. Kijana anakiri hata tovuti zilikuwa zinamwambia muunganisho si salama, akawa analaumu bando.

Saa inarudi nyuma kwa sababu betri kubwa imekufa, anatumia chaja tu, na ile betri ndogo ya kwenye mazabodi, ubao mkuu wa ndani, nayo imekwisha. Umeme ukikatika, laptopu inaamka imesahau mwaka. Nimeweka tarehe kwa mkono. Kwenye orodha ya majira, Dar es Salaam hamtaiona. Chagueni UTC+03:00 Nairobi, na msinikasirikie mimi. Betri yenyewe ni CR2032, ila kwenye laptopu nyingi inakuja na vijiwaya viwili na soketi, kwa hiyo usinunue ile tupu ya kwenye mizani ukadhani umemaliza.

Sasa leseni tunaipata wapi? Bei ya Microsoft huko Marekani, Windows 11 Home ni dola 139. Mtandaoni kuna wanaouza funguo, yaani namba za leseni, kwa bei ya chipsi mayai. Mimi sinunui. Nyingi ni funguo za makampuni zilizovuja. Zikishtukiwa zinafungiwa, na wewe unabaki na kosa la 0xC004C003, ufunguo umefungiwa, na risiti isiyokusaidia.

Kabla ya kununua chochote, iulizeni laptopu. Tangu enzi za Windows 8, watengenezaji wanauchoma ufunguo ndani ya mazabodi. Fungua PowerShell, andika hii, simamisha video uinakili vizuri: (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKeyDescription. Jibu likija tupu, hakuna kitu. Hapa limekuja, na ndani yake kuna neno Core. Core ndilo jina la ndani la Home, toleo la Windows la nyumbani.

Mmeelewa kilichotokea? Laptopu hii ina leseni yake halali ya Home, imelipiwa kiwandani tangu 2018. Fundi akaifuta akaweka Pro, yaani ile Professional, yenye mchezo wa KMS. Yaani ametupa halali akaweka bandia, na kwenye risiti kaandika "kuweka Windows" na kalipwa.

Kutoka Pro kurudi Home hakuna kitufe, unapiga Windows upya. Nilihamisha mafaili yake kwanza, nikashusha kifaa cha kuandalia Windows 11 kutoka tovuti ya Microsoft, nikatumia flashi ya GB 8. Andaa bando, ni zaidi ya GB 5. Wakati wa kuweka haikuniuliza Home au Pro. Ilisoma ufunguo kwenye mazabodi ikachagua yenyewe. Nikaunganisha intaneti, nikaenda Activation: Active. Nikarudia slmgr /dli, sasa mwishoni inasoma OEM_DM, yaani ufunguo wa kiwandani. Kona ya kulia ni nyeupe, hakuna neno.

Apdeti zinashuka sasa hivi, asilimia 34. Za kila mwezi hutoka Jumanne ya pili, kwetu inakuwa saa mbili au saa tatu usiku. Kama unatumia simu kugawa intaneti, ingia kwenye jina la Wi-Fi hiyo, washa Metered connection, inayobana matumizi ya data, la sivyo asubuhi bando huna.

Mazabodi ikibadilishwa, ufunguo huu unaondoka nayo, mlijue hilo.

Kwa hiyo ukienda kununua, kabla hujatoa hela, omba laptopu iwashwe, andika slmgr /dli, soma mstari wa pili. Muuzaji akikwambia haina chaji, mwombe chaja. Akisema chaja imeazimwa, duka la pili liko hapo hapo mlango unaofuata.