Ukaguzi wa nyumba kabla ya kununua, Mbeya: jinsi ripoti mbaya ilivyotupunguzia bei kwa milioni 11

Naandika kuhusu huduma ya ukaguzi wa jengo ambayo mimi na mume wangu tuliipata kutoka ofisi ndogo ya wahandisi hapa jijini Mbeya, tulipokuwa tukitafuta kununua nyumba ya vyumba vitatu upande wa Isyesye. Mwenye nyumba, mzee mstaafu, alitaka shilingi milioni 95. Mhandisi, ambaye tulihakikisha kwanza kwamba amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, alitutoza shilingi 450,000 pamoja na nauli, na ripoti yake ilipotoka haikuwa na habari njema. Hata hivyo nyumba tuliinunua, kwa milioni 84, na ninaamini kwamba bila ripoti ile tungelipa bei yote, au tungeikimbia nyumba nzuri kwa sababu ya ufa mmoja ukutani.

Nieleze kwanza jambo ambalo wanunuzi wengi hulichanganya. Benki iliyotukopesha ilikuwa imekwisha kumtuma mthamini, naye aliandika thamani ya soko ya milioni 92, na chini yake thamani ya mauzo ya haraka, yaani bei ambayo nyumba ingepata kama ingelazimika kuuzwa upesi. Dalali aliishikilia namba hiyo ya kwanza, na kila tulipotaja kupunguziwa alitukumbusha kwamba benki yenyewe imekubali. Lakini kazi ya mthamini ni kuieleza benki nyumba itauzika kwa kiasi gani endapo mkopaji atashindwa kulipa, na kwa ajili hiyo hutazama eneo, ukubwa wa kiwanja, hati, bei za nyumba jirani na hali ya jumla ya jengo. Hakupanda darini, wala hakuna aliyemwagiza apande.

Mhandisi alipanda. Alikuta kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, za upande wa magharibi zimeundwa kwa mbao za paini ambazo hazikuwekwa dawa na tayari zimetobolewa na wadudu, jambo la kusikitisha katika nyanda hizi ambako kuna msitu mkubwa wa kupandwa wa mbao, Sao Hill, huko Mufindi. Juu yake yalikuwa mabati ya geji 32, na kwa asiyejua, geji ikiwa na namba kubwa bati huwa jembamba. Kwenye kona ya jikoni alipima ufa uliopanda kwa ngazi ukifuata viungo vya tofali za kuchoma hadi kwenye dirisha, mpana zaidi juu kuliko chini. Alitueleza kwamba paa halina gata, kwa hiyo mvua zinazoanza Novemba humwagika miguuni mwa ukuta hadi Aprili. Udongo ule mwepesi wenye majivu ya volkeno hulowa na kuhama, kona ya msingi huzama kidogo kidogo, na ukuta huifuata. Kwangu mimi maelezo hayo yalikuwa na thamani kuliko picha zote zilizoambatishwa, kwa sababu ufa ambao chanzo chake kinajulikana unaweza kutengenezwa na kupigiwa hesabu. Alitazama pia mteremko ulio nyuma ya kiwanja na njia ya maji, jambo ambalo sikuwa tayari kuliacha tangu tope la Mlima Kawetele lilipofukia nyumba za Itezi, hapa hapa jijini, mwezi Aprili 2024. Hapo hakuona hatari. Mengine yalikuwa unyevu kwenye ukuta wa bafu na umeme usio na waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja.

Ripoti ya kwanza, hata hivyo, isingetufaa mezani. Iliandikwa kwa Kiingereza chenye vifupisho vingi, na mbele ya kila kasoro iliwekwa kauli ileile kwamba marekebisho yanahitajika, bila gharama. Tuliomba kila kasoro iwekewe makadirio yake, na ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao mwenye nyumba angeweza kuusoma mwenyewe. Walikubali bila kuongeza ada, ingawa walichelewa kuliko walivyoahidi. Makadirio yalikuja hivi: paa milioni 7.8, msingi wa kona pamoja na gata na mifereji milioni 5.2, unyevu milioni 1.9, umeme milioni 1.4. Jumla ni milioni 16.3.

Dalali alitaka aupeleke ujumbe huo yeye. Tulikataa kwa adabu, tukaenda wenyewe kwa mzee na nakala mkononi. Baada ya kusoma alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Binti yangu, nyumba hii nimewalelea watoto wangu wote, leo mnaniambia imeoza?" Nikamjibu, "Mzee, nyumba ni nzuri na tunaitaka, ndiyo maana tumerudi. Tunaomba umwite fundi wako unayemwamini apande darini, kisha tuzungumze kwa yale atakayoyaona yeye." Naamini ombi hilo ndilo lililofungua mazungumzo, maana mzee wa umri ule hawezi kukubali kuambiwa na karatasi ya mgeni kwamba alichokijenga kina kasoro, lakini fundi wake atamsikiliza.

Fundi alishuka na kipande cha mbao kilichokuwa kikimeguka mkononi, na tangu hapo suala la paa halikubishaniwa tena. Kuhusu msingi alisema milioni 3.2 zinatosha, kwa kuwa angeshikiza kona moja tu kwa zege na kujenga mifereji kwa mawe badala ya tofali. Tulimpigia mhandisi simu papo hapo, akakubali kwa sharti kwamba gata lizunguke paa lote. Kuhusu unyevu na umeme, mzee alikataa kabisa: "Hayo mliyaona siku ya kwanza, na bado mkaendelea kuulizia bei." Alikuwa na haki, kwa kuwa madoa ya bafuni na swichi za zamani zilikuwa wazi kwa yeyote aliyeingia ndani, nasi hatukuendelea kuyadai. Ndivyo ilivyopatikana milioni 11: 7.8 za paa na 3.2 za msingi.

Mzee alipendekeza pia kwamba arekebishe mwenyewe kisha atuuzie kwa milioni 95 zile zile. Mhandisi alitushauri tusikubali, na ushauri huo pekee unatosha kuhalalisha ada yake: kona ikishafukiwa, ikapigwa plasta na rangi, mnunuzi hana njia ya kujua kama chini kuna zege au udongo. Ni afadhali kupokea punguzo na kusimamia kazi kwa macho yako.

Wakili aliiambatisha ripoti kwenye mkataba wa mauziano, akahakikisha mke wa mzee ametia saini ya ridhaa kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyotaka kwa nyumba ya familia, na upekuzi wa hati, yaani kuhakiki umiliki kwenye kumbukumbu za ardhi, ukafanyika kabla ya malipo. Mhandisi hahusiki na hati, na mtu asidhani kwamba jengo likikaguliwa basi umiliki nao umekaguliwa.

Naipendekeza huduma hii kwa yeyote anayenunua nyumba iliyokwisha kukaliwa. Upungufu niliouona, mbali na ucheleweshaji, ni kwamba hawakufungua mfuniko wa shimo la maji taka, na kwamba ukaguzi ulifanyika kiangazi, wakati ambapo kuta nyingi huonekana kavu kuliko zilivyo. Nimewaandikia kuhusu mambo hayo mawili. Wamejibu kwamba mashimo wataanza kuyafungua kwa ada ya ziada, na kwamba anayenunua wakati wa kiangazi anaweza kuwaita tena bila malipo mvua zikianza, mradi awe ameweka sharti hilo kwenye mkataba wake na muuzaji.