Hita ya gesi ya lita 6 baada ya miaka miwili: maji yalipogeuka uzi

Niliinunua mke wangu alipojifungua mtoto wa kwanza. Mama mkwe alikuja kutoka Pangani kumkanda, na wanaojua uzazi wa Pwani wanajua hesabu yake: siku arobaini, maji ya moto asubuhi na jioni. Mkaa ulikuwa unakwisha kama sukari ya msibani. Nikapachika hita ukutani, nikaiunganisha na mtungi wa kilo 15, nikasifiwa mtaa mzima wa Sahare, hapa Tanga.

Mwaka huu kaja mtoto wa pili, mama mkwe karudi. Siku ya tatu tu, kwa kuwa heshima ya ukwe haimruhusu kunieleza uso kwa uso, akamtuma binti yake: "Mwambie mumeo mtambo wake unalia machozi." Kweli. Maji baridi yanamwagika vizuri, ya moto ni uzi, na mara nyingine moto unazimika mzazi akiwa na mapovu kichwani.

Fundi wa kwanza aliitazama akiwa amesimama mlangoni. "Hii imekufa, bosi." Bahati iliyoje, alikuwa na nyingine ya kuniuzia.

Nikachukua ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Bomba la baridi lilijaza ndoo kwa dakika mbili na nusu. La moto, dakika saba. Hapo nikajua tanki na pampu havina kesi kubwa. Maji yanakwama ndani ya hita au mlangoni mwake. Nikafunga gesi, nikafunga koki, nikafungua nati ya bomba la kuingizia maji baridi. Ndani yake kuna kichujio kidogo cha waya, hata kidole gumba kinakizidi. Kilikuwa kimeziba kwa mchanga na vipande vya plastiki vilivyobaki tangu mafundi walipokata mabomba. Mswaki wa zamani, dakika tano, kikarudi. Ndoo ikajaa kwa dakika tano.

Nafuu, lakini bado. Kilichobaki kilikuwa chokaa. Tunatumia maji ya kisima cha uani, na ardhi ya huku imekaa juu ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya mawe ya namna hiyo. Ukiona ukoko mweupe ndani ya birika lako, jua hita nayo inajijengea ukoko huohuo kwenye vile vibomba vya shaba vinavyopita juu ya moto, na kadiri maji yanavyochemshwa zaidi ndivyo unavyoganda. Nikafungua mabomba yote mawili, nikamimina siki kwa mpira mpaka ikajaa, nikaiacha saa nzima. Ilitoka na povu na magamba ya rangi ya chai. Nikasuuza vya kutosha kabla ya kuwasha. Ndoo: dakika tatu na kidogo, yaani zile lita 6 kwa dakika nilizouziwa.

Jambo moja muuzaji hakunieleza. Kirungu cha maji ukikizungusha upande wa moto zaidi, hita inabana maji ili yakawie kwenye moto. Mama mkwe alikuwa anakifikisha mwisho kila siku, kwa sababu maji ya kukandia si ya uvuguvugu. Kwa kuoga kawaida hapa Tanga hakuna haja. Maji yenyewe yanatoka kwenye tanki yakiwa yamekwishapigwa na jua.

Lingine ni kimo cha tanki. Kibandiko cha hita yangu kinataka presha isiyopungua baa 0.2, ambayo ni kama mita 2 za maji juu ya hita. Tanki langu lina mita 3 na ushee, linatosha kwa shida. Mwenye tanki juu ya kibanda kifupi asinunue bila pampu.

Ubaya wake: inakula betri mbili kubwa za kuwashia cheche, na maelezo yaliyokuja nayo hayana hata mstari mmoja kuhusu kichujio. Na fundi asikushawishi kuifunga ndani ya bafu. Moshi wake una kaboni monoksidi, hauna harufu, unaua. Yangu iko ukuta wa nje, chini ya upenu.

Naipa nyota nne. Jana ujumbe mwingine umeletwa: "Mwambie mumeo anirudishie siki yangu ya kachumbari."