Rangi ya chaki kwa fanicha za kuokota: kopo linasema nusu ya ukweli

Makopo mengi ya rangi ya chaki yana ahadi ileile: usipige msasa, usipake andakoti (rangi ya kutangulia), fungua upake. Kwa mtu aliyeokota kabati lililotupwa na hana karakana, maneno hayo ni matamu. Rangi yenyewe ni nzuri, na kwa kazi fulani sijui ya kuishinda. Ila ahadi hiyo inahusu jambo moja tu, yaani kushika. Madoa na uimara ni habari nyingine.

Aina hii ya rangi ilianzishwa na Annie Sloan nchini Uingereza mwaka 1990, na sasa watengenezaji wengi wana ya kwao. Ina unga mwingi wa madini, mara nyingi kalsiamu kaboneti, ndiyo maana hukauka bila kung'aa na huficha rangi ya chini haraka. Ile nzuri hufunika takriban mita za mraba 13 kwa lita, mkono mmoja, yaani tabaka moja. Nusu lita itamaliza kabati dogo la kando ya kitanda kwa mikono miwili na kubakia.

Faida yake kubwa iko kwenye vitu vilivyochongwa: miguu ya viti yenye mapindo, fremu za vioo, migongo ya viti yenye fito nyembamba. Humo msasa hauingii vizuri, na rangi ya mafuta huchuruzika na kuganda pembeni. Rangi ya chaki ni nzito, haichuruziki, na alama za brashi zinaonekana kama zimekusudiwa. Lowesha brashi kwanza, uikamue, ndipo uchovye. Rangi ikianza kuvuta, ongeza maji kidogo, yasizidi sehemu moja kwa kumi.

Sasa kasoro. Unapaka kabati la mahogani rangi nyeupe, linapendeza, na kesho yake madoa ya njano au waridi yamechomoza. Unaongeza mkono wa tatu, yanarudi. Sababu ni tanini, kemikali ya asili yenye rangi iliyomo kwenye mbao: maji ya rangi huiyeyusha, na yanapokauka huipandisha juu. Kila mkono unaoongeza unaleta maji mapya, kwa hiyo kuongeza rangi si dawa. Mwaloni nao una tabia hiyo, na mbao za msonobari hutoa utomvu kwenye mafundo. Dawa ni sheliaki isiyo na nta, yaani vanishi ya utomvu wa wadudu, mikono miwili myembamba, kabla ya rangi. Sheliaki huyeyushwa kwa spiriti, si maji, kwa hiyo haiiamshi tanini. Hukauka ndani ya saa moja hivi. Andakoti ya kawaida ya maji haitoshi, hata kama muuzaji ataapa. Ukitaka kujua mapema, paka kiraka mahali pasipoonekana ukiangalie kesho yake. Ukipaka rangi nyeusi au buluu nzito, doa halitaonekana na unaweza kuruka hatua hii.

Kasoro ya pili hutoka kwa mwenye kitu wa zamani. Polishi nyingi za kupuliza zina silikoni, na juu yake rangi hujikunja na kuacha vitundu vya duara. Sabuni peke yake haiiondoi vizuri. Futa kwa tapentaini na vitambaa safi, ukibadilisha kitambaa mara kwa mara, la sivyo unaisambaza tu. Kisha osha kwa maji ya sabuni, suuza, acha ikauke kabisa.

Kuhusu msasa: juu ya vanishi iliyofifia, kweli hauhitajiki. Juu ya laminati (ubao uliofunikwa tabaka la plastiki) au vanishi inayong'aa kama kioo, unahitajika, hata ikiwa ni kupitisha namba 180 au 220 mara moja. Usiamini macho. Acha kiraka cha majaribio siku nzima, kikate mistari ya kupishana kwa wembe, bandika utepe wa gundi, uvute kwa ghafla. Rangi ikija na utepe, rudi kwenye msasa. Lakini kitu chenye rangi ya zamani sana usikipige msasa mkavu, kwa kuwa huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978 tu. Kipime kwanza.

Juu ya rangi hii lazima ipite kinga, la sivyo itafyonza mafuta ya mikono. Wengi hutumia nta. Ni laini na nzuri kwa shina la taa au fremu, ila kwa meza ya kulia chakula ni chaguo baya: kikombe cha moto huilainisha na kuacha duara, na hukomaa polepole, hata wiki tatu. Kwa meza tumia vanishi ya maji isiyong'aa, mikono mitatu myembamba. Amua kabla ya kuanza, kwa sababu vanishi haishiki juu ya nta.

Ya kujichanganyia nyumbani hufanya kazi: kikombe kimoja cha rangi ya maji, theluthi ya kikombe cha plasta ya Paris iliyokorogwa kwanza kwenye maji ya kiasi hichohicho. Tatizo ni kwamba plasta huganda. Changanya ya kazi ya saa moja au mbili tu, na usirudishe masalio kwenye kopo. Ukitumia unga wa kalsiamu kaboneti haigandi, ingawa mabonge yake yanahitaji kuchujwa. Zote mbili hushika vibaya zaidi kuliko ya kununua, kwa hiyo hapo msasa si hiari.

Na droo: paka uso wake tu. Pande na njia zake ziache mbao tupu, uzisugue kwa kipande cha mshumaa. Rangi hii ina unene na ukwaruzo, na droo iliyokuwa ikiteleza itakwama.