Makumbusho ya Muziki wa Kantri mjini Bristol: Dai Kubwa, Maelezo Makini

Mji wa Bristol umekatwa na mpaka wa majimbo mawili ya Marekani: upande mmoja wa barabara ya State Street ni Virginia, na ng'ambo yake ni Tennessee. Mwaka 1998 Bunge la Marekani liliutambua mji huu kuwa mahali ulipozaliwa muziki wa kantri, na tangu Agosti 2014 dai hilo lina makao yake, Birthplace of Country Music Museum, katika jengo ambalo zamani lilikuwa duka la magari. Dai lenyewe nalipokea kwa tahadhari. Eck Robertson alirekodi fidla yake mwaka 1922, Fiddlin' John Carson akafuata huko Atlanta mwaka 1923, na kipindi cha redio cha Nashville ambacho baadaye kiliitwa Grand Ole Opry kilianza Novemba 1925. Dai la Bristol linategemea rekodi zilizofanyika hapo mwaka 1927, lakini mtoto anayesemekana kuzaliwa mwaka huo alikuwa tayari anatembea.

Pamoja na hayo, ziara hii naipendekeza, kwa sababu makumbusho yamechagua kujikita katika siku chache tu na kuzieleza kwa kina. Kati ya tarehe 25 Julai na 5 Agosti 1927, Ralph Peer, mtayarishaji wa kampuni ya santuri ya Victor, alitundika mablanketi ukutani katika jengo la kampuni ya kofia, akarekodi nyimbo 76 za wasanii na vikundi 19. Mgeni anaelezwa jinsi maikrofoni ya umeme, iliyokuwa ngeni wakati huo, ilivyomwezesha mtu kuimba kwa sauti yake ya kawaida bila kupiga kelele mbele ya pembe la bati lililotumika kurekodia hapo awali. Anaelezwa pia habari ya fedha, jambo ambalo wapenzi wa muziki hupenda kulisahau: Peer aliwalipa wasanii dola 50 kwa wimbo pamoja na mgawo mdogo wa mauzo, huku yeye akijiwekea haki za uchapishaji, na utajiri wake ulitoka huko.

Sehemu inayostahili muda mrefu zaidi ni ya familia ya Carter, kikundi cha waimbaji waliofika wakitoka bonde la Poor Valley. Maybelle alikuwa na umri wa miaka 18 na mjamzito. Kwa kidole gumba alipiga wimbo kwenye nyuzi nene, vidole vingine vikikwangua mdundo, na gitaa lililokuwa likisindikiza tu likawa linaongoza. Ukivaa spika za masikioni na kusikiliza kwa makini, unatambua kwa nini wapiga gitaa wa vizazi vilivyofuata walimwiga.

Mwimbaji Jimmie Rodgers alirekodi nyimbo mbili tarehe 4 Agosti, peke yake, baada ya kukosana na wenzake. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki habari yake haiishii hapo. Santuri zake zilifika mpaka kwa Wakipsigis wa Kenya, na mwaka 1950, miaka 17 baada ya kifua kikuu kumuua, mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kapkatet wakimwimba kwa jina la Chemirocha, kiumbe ambaye nusu yake ni mtu na nusu ni swala. Kwangu mimi, hiyo ni hatua kubwa katika historia ya kantri kuliko tuzo nyingi zilizotolewa Nashville.

Msikilize pia El Watson, mpuliza kinanda cha mdomo, aliyekuwa msanii pekee Mweusi katika rekodi hizo za 1927. Upekee wake unasema mengi kuhusu namna kampuni zilivyoutenga muziki kwa rangi, ingawa milimani Weusi na Weupe walifundishana nyimbo; A. P. Carter mwenyewe, wa familia ile ya Carter, alizunguka akikusanya nyimbo pamoja na Lesley Riddle, Mmarekani Mweusi.

Anayetafuta magari ya kifahari na mavazi ya kumetameta aende Nashville, ambako Cadillac ya Elvis Presley imewekwa. Bristol inamfaa msikilizaji mvumilivu. Baada ya ziara, vuka State Street kuingia Tennessee ili uone mahali rekodi zilipofanyika; jengo la kofia lenyewe halipo tena, kwa hiyo anza na makumbusho.