Tahadhari kwa wauguzi: msilipie “cheti cha kazi” cha Marekani

Ndugu zangu wauguzi mnaotafuta ajira Marekani, naomba msome haya kabla hamjamtumia mtu yeyote hata shilingi moja. Mimi ni muuguzi wa Mombasa, na mwaka jana, katika muda wa miezi minne, nililipa shilingi 310,000 kwa wakala aliyedai kwamba anaitafutia wafanyakazi hospitali moja ya Texas. Simtaji jina kwa sababu shauri liko mikononi mwa polisi, lakini njia aliyoitumia nitaieleza yote, maana wenzangu wawili niliosoma nao chuoni wamenaswa kwa njia hiyo hiyo.

Malipo makubwa kuliko yote, shilingi 185,000, yalikuwa ya “cheti kutoka Wizara ya Kazi ya Marekani”. Alinieleza kwamba mwajiri wa huko haruhusiwi kumchukua mgeni kwa ajira ya kudumu mpaka wizara hiyo ithibitishe kuwa hakupatikana Mmarekani mwenye sifa aliye tayari kuifanya kazi ile. Kwa fani nyingi hilo ni kweli, na ndiyo maana nilimwamini. Jambo alilonificha ni kwamba wauguzi waliosajiliwa, pamoja na wataalamu wa fiziotherapia, wamo katika orodha iitwayo Schedule A, yaani kazi ambazo wizara yenyewe ilikwisha kukubali kwamba zina upungufu wa watu. Kwa kazi hizo mwajiri haanzi kwa kumtafuta Mmarekani, wala wizara haimtolei muuguzi mmoja mmoja cheti. Mwajiri huiomba wizara impe kiwango cha mshahara unaolipwa katika eneo lake, hubandika tangazo la nafasi mahali pa kazi kwa siku 10 za kazi mfululizo, kisha hupeleka fomu I-140, yaani ombi la kumwingiza mfanyakazi mgeni, moja kwa moja kwa idara ya uhamiaji, USCIS. Kwa hiyo niliuziwa karatasi ambayo kwa muuguzi haipo kabisa. Na hata kwa fani ambazo cheti hicho kinahitajika, sheria ya Marekani inamkataza mwajiri kumtwisha mfanyakazi gharama zake, pamoja na ada ya wakili.

Karatasi ya pili ilikuwa notisi ya kwamba ombi langu limekubaliwa. Ilichapwa vizuri, ikawa na nembo ya tai na jina langu lote bila kosa. Nambari ya risiti ya USCIS huwa na herufi 3 na tarakimu 10. Yangu ilikuwa na herufi 3 na tarakimu 9. Nilizihesabu usiku baada ya zamu, nikiweka kidole juu ya kila tarakimu, nikarudia mara ya pili na ya tatu kwa kudhani ni uchovu. Tovuti ya USCIS hukagua nambari hizo bila malipo, na yangu iliikataa. Nilipompigia wakala, alinijibu, “Dada, mtandao wao una hitilafu, vuta subira,” na siku mbili baadaye akaniomba shilingi 60,000 zaidi ili anivushe foleni.

Foleni hiyo haina wa kuivusha. Viza za uhamiaji wa ajira ni takriban 140,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, zikihesabiwa pamoja na wake, waume na watoto wa wafanyakazi, na kwa kawaida nchi moja haipewi zaidi ya asilimia 7. Schedule A humwondolea mwajiri hatua ya cheti, lakini haimwondoi muuguzi katika foleni ya viza. Nafasi yako huhesabiwa tangu siku USCIS ilipoipokea I-140, na kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutangaza tarehe zilizofikiwa, ambazo pengine hurudi nyuma. Mimi niliahidiwa kusafiri baada ya wiki sita.

Tena aliniambia mtihani wa NCLEX-RN, ule wa leseni ya uuguzi ya Marekani, nitaufanya nikishafika. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka mapema, kwa sababu bila cheti cha VisaScreen, kinachothibitisha sifa za muuguzi wa kigeni, muuguzi hapewi viza ya kuhamia, na cheti hicho hakitoki bila kufaulu NCLEX-RN au mtihani mwingine unaokubaliwa badala yake.

Hospitali ile ya Texas ipo kweli. Nilipoipigia kwa nambari iliyo kwenye tovuti yake yenyewe, badala ya ile niliyopewa na wakala, ofisi ya ajira ilinijibu kwa muda usiofika dakika tano kwamba haimjui mtu huyo na haina ombi lolote kwa jina langu. Simu hiyo ilinigharimu chini ya shilingi mia mbili. Wakala wa Kenya naye huweza kukaguliwa katika orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, huyu hakuwamo.

Aliyekwisha kulipa asifute ujumbe wowote wa M-Pesa, wala asimrudishie wakala karatasi zake hata akiombwa azilete “zikarekebishwe”. Mwenzangu mmoja alizirudisha, na sasa hana ushahidi wa kupeleka polisi.